Mjomba, na huku kuna kesi ya chura

Jindabyne, Australia
Februari

Mjomba, shikamoo.

Baada ya salamu, huku mimi ni mzima. Kazi ya hoteli inaendelea, ingawa wageni si wengi. Huu ni msimu wa joto, na wale wa kuteleza kwenye theluji wanasubiri Juni. Nakuandikia kwa ajili ya ule ubishi wetu wa vyura wa maporomoko ya Kihansi kwetu Tanzania, wale waliopelekwa Marekani wasiangamie. Ulikuwa unacheka mpaka machozi: chura kapanda ndege kwenda Marekani, na binadamu hana nauli ya kufika Iringa! Basi huku nako wana chura wao, na ubishi wake umefika hadi bungeni.

Wanamwita corroboree. Wako wa kaskazini na wa kusini; huyu wa kusini anaishi Hifadhi ya Taifa ya Kosciuszko peke yake, huko juu kwenye nyasi na tindiga, zaidi ya mita 1,300 kutoka usawa wa bahari. Nilimwona Melbourne, kwenye bustani ya wanyama. Hata sentimita 3 ni za kulazimisha. Mweusi tii, michirizi ya manjano imemkolea mwili mzima. Nikasimama pale kwenye kioo nikingoja aruke. Wapi! Anatembea, mguu baada ya mguu, kama mzee anayetoka msikitini. Haraka ya nini, wakati ana sumu kwenye ngozi? Na sumu yenyewe anaitengeneza mwilini mwake; vyura wengine wengi wenye sumu ya aina hii huipata kwa kula wadudu.

Miezi hii ya Januari na Februari ndiyo ya kuzaana. Dume huchimba kijumba kwenye mimea laini iliyoloa maji, akaita majike, kisha akabaki humo wiki kadhaa na mayai. Mayai hutagwa pakavu, yakingoja mvua zijaze vidimbwi ndipo yaanguliwe. Viluwiluwi hupitisha baridi yote chini ya theluji. Askari mmoja wa hifadhi, mteja wetu wa chai, alinieleza wanavyowahesabu: unasimama kwenye tindiga unapiga kelele, dume aliye karibu anakujibu kwa hasira. Siku hizi, anasema, unaweza kupiga kelele mchana kutwa usijibiwe.

Kilichowamaliza ni kuvu, ugonjwa ulioanza kuwafyeka miaka ya 1980. Chura hunywa maji na hupumua kwa ngozi. Kuvu ikiishika ngozi, chumvi za mwili huvurugika hadi moyo unasimama. Ubaya zaidi, pale pale tindigani kuna chura mwingine mdogo, wa kawaida tu, anayeubeba ugonjwa bila kufa. Kwa hiyo ukimzalisha corroboree Melbourne au Sydney ukamrudisha kwao, unamrudisha kwa jirani mgonjwa. Wakaamua kuwajengea uzio huko huko mlimani, jirani asiingie. Mwanzoni mwa 2020 moto wa nyika ukapita, na baadhi ya nyuzio hizo nazo zikaungua.

Hapo utasema, si kama Kihansi tu? Siyo kabisa. Sisi tulijua tumefanya nini: tulichepusha maji kwa ajili ya umeme, manyunyu ya maporomoko yakakauka, tukaweka mabomba ya kunyunyizia. Kuvu ilionekana baadaye. Wale wa Marekani walipoanza kurudishwa mwaka 2012, tulijua pa kuwaweka. Hawa wa huku kuvu huwezi kuiwekea bomba.

Lakini vita yenyewe ni ya farasi mwitu. Wanakanyaga tindiga mpaka linakuwa tope na maji yanakimbia. Mwaka 2018 jimbo la New South Wales lilitunga sheria ya kuwalinda farasi hao kama urithi wa wazee wao. 2023 serikali ikaruhusu wapigwe risasi kutoka kwenye helikopta. Hapa mjini usitaje jambo hili mezani kama unataka kumaliza chakula chako. Mimi niko upande wa chura. Farasi wamejaa duniani, na huyu aliyebaki porini nje ya uzio wanamhesabu kwa makumi. Ila nimemsikia mzee ambaye babu yake alichunga na farasi hao, na sikuthubutu kumbishia.

Wewe umekaa baraza la kata miaka yote hiyo, mashamba na mifugo umeamua sana. Hii ungeiamuaje? Nijibu, na safari hii usicheke kwanza.

Bibi msalimie sana, na watoto wote.

Mpwa wako,
Issa