Rungu liache Tainaron

Alkeides mwanangu,

Wengine na wakuite Herakles, kama ulivyoitwa kule Delphi. Mimi mama yako nitakuita jina ulilokulia.

Habari zimefika Thebes kabla ya salamu zako. Nasikia mjomba wako, mfalme Eurystheus, sasa anakutuma kuzimu ukamlete Kerberos, mbwa wa Hades. Kazi zilikuwa 10. Umetumika miaka 8 na mwezi 1, naye akazikataa mbili: ile ya Hydra, nyoka wa vichwa vingi, eti Iolaos mwana wa ndugu yako alikusaidia, ile ya zizi la Augeias eti ulidai ujira. Ndipo zikawa 12. Mtu aliyejificha ndani ya mtungi wa shaba! Lakini ni mtoto wa baba yangu mdogo, na wewe ukipandwa na hasira hujui ndugu.

Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Uliyemkaba simba wa Nemea, mbwa hatakushinda. Naogopa rungu.

Rungu ndilo lililomuua baba yangu. Mume wangu Amphitryon alimrushia ng'ombe, likagonga pembe, likarudi likampata mzee kichwani. Hakukusudia. Nawe hukukusudia kumuua mwalimu wako Linos kwa kinubi. Ule usiku wa mkeo Megara na watoto, Hera malkia wa miungu alipokutia wazimu, siutaji. Nakuomba tu, ukifika Tainaron, penye mlango wa kuzimu, liweke chini kabla hujashuka.

Nilifurahi kusikia ulipita Eleusis, kuhani Eumolpos akakutakasa damu ya wale nusu mtu nusu farasi. Umefanya jambo la kiume. Ungelifanya mapema ningeshukuru zaidi.

Wala usimhesabie Megara ukimya wake. Hofu ya Hera inamgeuza mama. Lile konde nje ya ukuta nilikokuacha ungali mchanga lipo mpaka leo, nami nikienda kisimani nazunguka njia ya mbali nisilipite. Uliporudishwa ulikuwa umeshiba maziwa yasiyo yangu. Tuyaache hayo.

Huko chini ukimwona Amphitryon, umwamkie kama baba, maana ndiye aliyekulea. Ukimwona baba yangu Elektryon, piga magoti. Atakutazama mikono kwanza. Ndiyo maana nakwambia, rungu liache.

Nyumbani tuko salama. Mizeituni imezaa vizuri, ila mitungi miwili imepata ufa. Ile ngao mliyolazwa wewe na pacha wako Iphikles nimeiteremsha ukutani niipanguse. Mkanda wake wa ngozi umetafunwa na panya, na pale pembeni pana alama ndogo za meno, sijui ni zako au za ndugu yako. Nitaitia mkanda mpya nikishauza sufu.

Nimekufumia shuka zito. Livae ndani ya hiyo ngozi ya simba, ngozi peke yake haizuii baridi. Aliyekuletea barua nimeshampa mafuta nusu mtungi, usimlipe tena.

Mlangoni, Alkeides. Si ukishaingia.

Mama yako,
Alkmene