Mashindano ya hotuba hayamfundishi mtoto kuongea

Mhariri,

Mwandishi mmoja wa safu yenu ya elimu amezitaka shule ziongeze mashindano ya hotuba na michezo ya kuigiza kwa wanafunzi wa shule za kati, ili wapate ujasiri. Lengo naliafiki kabisa. Ila nafundisha maigizo kwa rika hilo, la miaka 11 hadi 14, na najua mashindano yanavyoendeshwa: mwalimu anachagua wachache ambao tayari ni wasemaji, anawakaririsha, wanapanda jukwaani, wanapigiwa makofi. Darasa lililobaki limejifunza kukaa kimya na kutazama.

Huu ni umri mgumu wa kutazamwa. Mwaka 1967 mwanasaikolojia wa Marekani, David Elkind, alieleza jinsi kijana anayebalehe anavyoishi na hadhira ya kufikirika, akiamini kila jicho linamwangalia yeye. Wakati huohuo zoloto la mvulana, kile kiungo cha sauti kooni, linakua na sauti inamgeuka katikati ya sentensi. Huyo ndiye tunayemsimamisha peke yake mbele ya wenzake na kumwambia, "Paza sauti!"

Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha Trier, Ujerumani, walichapisha njia ya kumtia mtu msongo kwa makusudi ili wauchunguze. Walimpa muda mfupi wa kujiandaa, wakamtaka aongee mbele ya jopo lililofundishwa kutoonyesha hisia yoyote usoni, kisha apige hesabu za kutoa kwa sauti. Kotisoli, homoni ya msongo, ikapanda. Njia hiyo inatumika maabara hadi leo. Sasa tazama somo la hotuba la kawaida: mwalimu ameshika kalamu na karatasi ya alama, uso mkavu, na wanafunzi wanasubiri mwenzao ateleze wacheke. Ukiondoa zile hesabu, sioni tofauti kubwa.

Kwa hiyo mimi huanza na wasikilizaji. Wiki za mwanzo hakuna anayesimama peke yake. Wote wanafanya kazi kwa mpigo, wawili wawili, chumba kizima kelele tupu (walimu jirani hawanipendi). Michezo ya aina hii aliiendeleza sana mwalimu wa maigizo Viola Spolin huko Marekani: mmoja anafuata mwendo wa mwenzake kama kioo, au mmoja anahutubia kwa lugha isiyokuwepo na mwingine anamkalimani. Baadaye tunakaa vikundi vya watu sita, kisha nusu darasa. Na msikilizaji ana kazi yake: msemaji akimaliza, atamwambia hoja moja aliyoisikia. "Umeongea vizuri" haikubaliki. Kusikiliza kuna alama kama kuongea.

Pumzi, kutua, kuangalia watu usoni, hayo hufundishika haraka mtoto akishatulia. Hotuba ya kukariri neno kwa neno naipinga, kwa sababu neno moja likipotea linaondoka na yote yanayofuata. Kadi yenye hoja tatu inatosha.

Jambo ambalo mwandishi wenu hakuligusa ni utaratibu. Shule nyingi hufundisha hotuba kwanza, maigizo yakasubiri sherehe ya kufunga mwaka. Ningegeuza. Mtoto asiyethubutu kusema "mimi naona" husema bila taabu akiwa hakimu, mganga au mzee wa mji, kwa kuwa akikosea, aliyekosea ni mhusika, si yeye. Dorothy Heathcote, mwalimu wa maigizo wa Uingereza, alikuwa akiingia mwenyewe ndani ya igizo pamoja na wanafunzi. Nami nikiingia kama kiongozi wa mji uliokaukiwa maji, ninayeomba ushauri, hata mkimya kabisa hunyoosha mkono, maana sasa ana la kusema na kuna mtu anayelihitaji. Baada ya hapo hotuba kwa jina lake mwenyewe ni hatua fupi. Wale wenye haya ambao kila mwaka hupelekwa kuvuta pazia, tukidhani tunawahurumia, ndio hasa ninaowazungumzia.

Mashindano yakiongezwa, basi, naomba kanuni moja: watakaopanda jukwaani wapatikane asubuhi ya siku ileile, kwa kuokota vikaratasi vyenye majina ya darasa zima. Shule itakayokubali kanuni hiyo, nitakuwa wa kwanza kuketi ukumbini.

Mwalimu wa maigizo