Mpira mpana peke yake haushindi koni

Mhariri,

Vijana wa Unguja na Pemba wanaovutiwa na mbio za koni, zile za gari moja moja kwenye uwanja uliofungwa, dereva akishindana na saa, huingia dukani na swali moja: mpira gani mpana kuliko wote utaingia kwenye gari yangu? Swali hilo linawamalizia pesa bure. Kinachotangulia ni rimu, kisha kimo cha mpira. Upana huja mwisho.

Tuchukue gari ndogo inayotembelea 165/70R14, kama zilivyojaa hapa mjini. 165 ni upana kwa milimita, 70 ni asilimia ya upana huo inayokwenda kwenye ubavu, na 14 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ubavu mmoja ni milimita 115.5, uhesabu mara mbili, ongeza 355.6 za rimu, unapata kimo cha 586.6. Kijana akifunga rimu za inchi 17 na mpira wa 205/40R17, kimo kinapanda hadi 595.8. Upana ameupata, lakini gia zote zimekuwa nzito kwa asilimia 1.6, na mara nyingi uzito wa rimu na mpira umeongezeka vilevile. Injini ya cc 1000 haina nguvu za kusamehe hayo. Mbio hizi huchezwa karibu zote kwa gia ya pili: breki, kata kona, mafuta, breki tena. Mpira wa 195/50R15 una kimo cha 576, kwa hivyo gari inachomoka haraka zaidi kuliko ilivyotoka kiwandani. Tahadhari yake ni moja. Ikiwa injini inafika kikomo kabla mstari mrefu haujaisha, utalazimika kuingiza gia ya tatu kwa sekunde mbili tatu tu, na hapo faida yote imepotea.

Sasa rimu, maana hapa ndipo makosa mengi yanapofanyika. Mpira wa 195/50R15 hukubali rimu ya upana wa inchi 5.5 hadi 7. Kwenye 5.5 unaingia, lakini mbavu zake zinavimba nje, na ukikata kona mpira unalala ubavuni badala ya kukanyaga kwa uso wake. Dereva anageuza usukani na gari inachelewa kuitika. Kwenye 7 mbavu zinasimama, na mpira ule ule unakuwa kama mwengine kabisa. Ndiyo maana 195 kwenye rimu pana mara nyingi humshinda 205 aliyebanwa. Asiye na pesa za rimu mpya abaki na zake za inchi 14 na kununua 185/60R14, ambao hukubali rimu ya 5 hadi 6.5 na kimo chake ni 577.6. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya mtu mwenye busara, ingawa haipendezi kwenye picha.

Anayebadilisha rimu asitazame matundu ya nati tu. Ukitoka rimu ya 5.5 kwenda 7 na namba ya ET (milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi pale inapofungwa kwenye gari) ikabaki ile ile, kila upande unaongezeka milimita 19: ndani mpira unasogelea shokapu, nje unasogelea madigadi. Ukipunguza ET kutoka 45 hadi 38, rimu yote inasogea nje milimita 7. Kabla ya kulipa, funga rimu moja mbele, shusha gari chini, kata usukani hadi mwisho kulia na kushoto, kisha pakia watu wanne na urudie. Pasipopita kidole baina ya mpira na shokapu, irudishe.

Kuhusu mipira ya mtumba tuseme wazi. Tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Jua letu hukausha mpira hata ukiwa umetundikwa dukani, na mpira uliokauka huteleza hata kama meno yake yote yapo. Baadhi ya ile inayotoka Japani imeandikwa STUDLESS. Hiyo ni ya theluji. Kwenye lami ya moto meno yake hulegea na kulika upesi. Wenye maduka wangefanya uungwana kumsomea mnunuzi alama hizi kabla hajatoa pesa. Atafute pia neno TREADWEAR: namba ikiwa ndogo, kwa kawaida mpira ni laini na unashika zaidi. Marekani, madaraja ya magari ya mtaani ya SCCA, chama cha mbio za magari, hayaruhusu chini ya 200. Lakini kila kampuni hupima yake, basi usilinganishe namba ya kampuni moja na ya nyengine.

Upepo nao hauna namba moja ya watu wote. Kwa gari inayovuta kwa mbele, anza na psi 3 (psi ndicho kipimo cha upepo) juu ya namba ya kibandiko cha mlangoni kwa mipira ya mbele. Paka chaki kwenye bega la mpira, zunguka mara moja, utazame. Chaki ikifutika kupita kialama kidogo cha pembetatu ubavuni, ongeza psi 2. Ikibaki hadi juu kwenye meno ya pembeni, punguza. Gari ikikataa kugeuka mbele, kuongeza upepo wa nyuma husaidia, ila kwa psi moja moja, kwani ukizidisha mkia utakupita. Pima kila baada ya mzunguko, maana joto hupandisha upepo. Fagia pia mchanga uwanjani kabla ya kupima chochote, la sivyo utakuwa unapima mchanga.

Kabla ya kurudi barabarani rejesha upepo wa kibandiko. Nati za 12 kwa 1.5 za Toyota ndogo hukazwa kwa Nm 103 kwa spana ya kupimia, si kwa kurukia spana kwa miguu, na zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 kila rimu inapofunguliwa.

Mafundi wa mipira,
Mwanakwerekwe, Unguja