Mmeniuzia Wembe Uliokwisha Kutumika, Kisha Mkasema Nywele ni Zangu

Kwa Mkurugenzi wa Huduma kwa Wateja,

YAH: WEMBE ULIOTUMIKA KUUZWA KAMA MPYA, NA KUDHALILISHWA MBELE YA FOLENI

Ndugu Mkurugenzi,

Nakusalimu kwa heshima, ingawa duka lenu la ndani ya uwanja wa ndege, upande wa abiria wanaounganisha safari, limenibakizia kidogo sana ya kukugawia. Naamini taarifa ya tukio unayo, maana msimamizi wa zamu aliandika kitu kwenye daftari lake huku namwona. Kanuni za kampuni yako unazijua kuliko mimi. Sitakufundisha kazi. Nitakueleza tu nilichofanyiwa.

Mimi ni mtu mzima na ndevu zangu ni nyeupe, zote, kuanzia chini ya sikio hadi kidevuni. Naomba jambo hilo ulishike, tutalirudia.

Nilirudi kauntani kwenu na wembe niliokuwa nimeununua hapohapo muda mfupi kabla. Risiti mkononi. Kidole gumba nimekifunga karatasi ya chooni na damu inapenya. Katikati ya makali ya wembe ule, ambao mmeniuzia kama mpya, kulikuwa na nywele fupi nyeusi zilizogandana na sabuni iliyokauka. Nikamwonyesha msimamizi wenu. Akaupokea, akaunyanyua juu watu wote wauone, akasema kwa sauti iliyofika hadi mlangoni: "Mzee, hizi nywele ni zako. Umeshanyoa, sasa unataka urudishiwe hela."

Na ndevu zangu zote ziko usoni.

Nilikuwa nimekuja kwa adabu, Ndugu Mkurugenzi. Sikupaza sauti. Nilitaka kubadilishiwa tu, niwahi kunawa uso na kunyoa kabla ya ndege kuita abiria, kwa sababu nikitua nilikuwa naingia moja kwa moja kwenye kikao ambacho mtu haendi na ndevu za safari. Vifaa vyangu vilikuwa kwenye begi la chini, na begi hilo shirika la ndege lilikuwa limeliacha nyuma. Hayo siwalaumu ninyi, nina barua nyingine kwa ajili yao.

Lakini ninyi mnajua vizuri kwa nini duka lenu liko pale. Kopo la kawaida la povu la kunyolea ni mililita 200, na katika viwanja vingi kimiminika cha begi la mkononi hakivuki chupa ya mililita 100. Viwembe vya akiba vya makali pande mbili, vile vya kuchomeka kwenye kichwa cha chuma ninavyotumia mimi, mkaguzi havipitishi kabisa. Kwa hiyo mtu akishavuka meza ya ukaguzi bila begi lake, ama anunue kwenu ama akae na ndevu zake. Hana duka la pili la kukimbilia. Ndiyo maana bei zenu ziko vile zilivyo, na mimi bei nililipa bila kunung'unika. Mtu aliyekwama huwa hanung'uniki, na mmelizoea hilo.

Nyembe zenyewe mmezifungia kwenye kabati la kioo. Nilisimama mbele ya kabati hilo mpaka nikakariri maandishi ya kila pakiti, nikisubiri mwenye ufunguo. Kijana alipokuja nikamwomba wembe wa makali mawili, au hata moja. Ndevu zangu ni za kujikunja, na wembe wa makali matano huvuta unywele na kuukata chini ya ngozi, nao ukianza kuota hujirudi ndani. Vipele vinavyotokea mtu hukaa navyo siku nyingi, na aliyewahi kuvipata haulizi mara mbili. Kijana akajibu, "Wembe ni wembe, mzee wangu," akanipa wa makali matano kwa sababu ndio uliokuwa karibu na mkono wake. Nikasema sawa. Haraka.

Sasa sikia habari ya pakiti. Nimeiweka hapa mezani ninapoandika. Kadi ya nyuma imechanwa upande wa chini, kisha ikarudishiwa kwa gundi ya karatasi, ile nyororo isiyoonekana haraka. Na juu kabisa ya pale ilipochanwa, mtu amebandika lebo yenu ya bei. Si pembeni wala kwenye nafasi nyeupe iliyoachwa kwa kazi hiyo, ni juu ya jeraha lenyewe. Mtu alikaa chini akafikiria, akafanya kazi safi. Ukibandua lebo polepole unaona gundi, na chini ya gundi unaona mchano. Nimepiga picha za hatua zote.

Kifuniko cha plastiki kinachokinga makali hakikuwemo. Hicho ndicho kilichonikata. Nilipovuta wembe kutoka kwenye pakiti, nikiwa mbele ya sinki la maliwato, kidole gumba kilipita juu ya makali matano yaliyo wazi. Wembe ulikuwa haujagusa maji wala uso wangu. Nikiwa nanyonya hewa kwa maumivu ndipo nikaziona zile nywele, na ule weupe wa sabuni ya mtu nisiyemjua umekaukia kwenye kona za kichwa cha wembe.

Nikarudi kauntani, na huko ndiko nataka turudi sote wawili, maana nilipoeleza mara ya kwanza nilikuwa najizuia.

Msimamizi hakusema maneno yale na kunyamaza. Nilimwambia taratibu, "Mwanangu, hebu zitazame vizuri. Hizi ni nyeusi. Tazama na ndevu zangu." Hakutazama. Alinyooshea kidole karatasi yenye damu, akawageukia watu waliokuwa kwenye foleni kana kwamba anawapa ushahidi: "Mnaona? Si huyo kajikata akinyoa?" Nikamwonyesha kidole. Kidole, Ndugu Mkurugenzi! Sijawahi kuona mtu anayeota ndevu kwenye kidole gumba. Kuna waliocheka. Mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu akamvuta mtoto wake asinisogelee, na sikumlaumu, kwa maelezo aliyokuwa amepewa mimi nilikuwa tapeli mwenye damu. Abiria mmoja, Mungu ambariki, akasema, "Lakini dada, mzee hajanyoa." Akajibiwa kwamba hayamhusu, alipie vitu vyake aende. Kisha msimamizi akaushika ule wembe kwa ncha za vidole viwili, akaudondosha juu ya risiti yangu, akasema, "Chukua uchafu wako." Akaita mlinzi.

Uchafu wako. Uchafu ambao mimi nilikuwa nimeulipia kwenu, mkautia kwenye mfuko wenye nembo yenu na kunitakia safari njema.

Mlinzi alikuwa na staha kuliko wote. Alinitazama usoni, akatazama wembe, akatazama chini. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Mzee, twende tu." Nikaenda. Nilikwenda kikaoni na ndevu zangu, na yaliyonikuta kikaoni si ya barua hii.

Hoja yangu ni moja na naomba isomwe na mtu anayefikiri. Nyuma ya kaunta yenu pana bango: bidhaa za usafi binafsi zikishafunguliwa hazirudishwi wala hazibadilishwi. Msimamizi alilipigapiga bango hilo kwa kucha wakati ananifukuza. Vizuri. Kanuni nzuri, naiunga mkono kwa mikono miwili, na kile kidole chenye plasta. Basi niambieni, wembe ule ulirudije kabatini? Yupo mtu aliyeununua, akaunyolea, akaurudisha, na mtu wa kwenu akaupokea, akaubandika gundi, akaweka lebo juu yake na kuufungia kwenye kioo. Kanuni mliyonipigia mimi usoni ndiyo hiyohiyo mliyoikanyaga kabla sijafika dukani. Au uliibwa ukatumika na kurudishwa kisirisiri? Kwenye kabati la kufuli ambalo mimi mteja nimelisubiria ufunguo?

Na msiniambie ni nywele tu. Nilikwenda hospitali siku hiyohiyo. Daktari alinieleza kwamba VVU haviishi muda mrefu nje ya mwili, hivyo hofu yangu kubwa isiwe hapo. Ila virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kubaki hai kwenye kitu kilichokauka kwa siku 7 au zaidi, na damu isiyoonekana kwa macho inatosha kuvibeba. Ndiyo maana wembe hauazimwi hata kati ya mtu na ndugu yake. Nimetolewa damu, na nitatolewa tena miezi ijayo kwa sababu majibu ya leo hayasemi lolote kuhusu wembe wa leo. Nimeanza chanjo ya homa ya ini B, dozi tatu, ya mwisho miezi 6 baada ya ya kwanza. Hadi hapo, mimi na mke wangu tunaishi na swali mlilotuuzia.

Nilipiga simu kwenu. Niliwekewa muziki, nikahamishwa, nikawekewa muziki uleule. Dada wa kwanza akasema ni suala la duka, kaka wa pili akasema duka lile ni la mbia, wa tatu akataka nieleze upya toka mwanzo kisha akauliza kama ninayo picha ya wembe "kabla ya kuutumia". Kabla ya kuutumia! Siku zilizofuata mkanipiga danadana kwa barua pepe hadi ikaja ile ya mwisho: mnathamini maoni yangu, mnasikitika kwamba uzoefu wangu haukukidhi matarajio, na kama ishara ya nia njema mnanipa kuponi ya punguzo kwa ununuzi ujao wa vifaa vya kunyolea. Chini yake mkaniomba nyota.

Kuponi. Ya nyembe. Kwenu.

Kuhusu kopo la povu nililonunua pamoja na wembe, lile lililotoa hewa tupu nilipolibonyeza, nilikuwa nimeamua kulisamehe. Nimebadili mawazo. Liongezeni.

Mwanzo nilitaka mambo mawili tu, nirudishiwe fedha zangu na msimamizi aniombe radhi. Kama kuponi isingekuja, pengine ningeishia hapo. Sasa nataka fedha za wembe na povu, gharama zote za hospitali, ikiwa ni pamoja na vipimo vya marudio na chanjo hadi dozi ya mwisho, na nauli za kwenda na kurudi. Nataka radhi kwa maandishi, yenye saini ya mtu mwenye cheo na jina, isiyo na neno "endapo". Sitaki "endapo ulikwazika". Nilikwazika. Nataka pia maelezo ya maandishi ya nani hupokea bidhaa zinazorudishwa na zinakwenda wapi, na kabati lile lifunguliwe, kila pakiti ibanduliwe lebo na kukaguliwa chini yake. Sidhani wembe wangu ulikuwa peke yake. Mtu aliyejifunza kubandika lebo kwa ustadi ule hajaanzia kwangu.

Juu ya kaunta yenu pana kamera. Niliitazama nilipokuwa natukanwa, na yenyewe ilikuwa inanitazama. Picha zake zitaonyesha uso wangu na ndevu zangu saa ileile iliyoandikwa kwenye risiti, na tena dakika msimamizi wenu aliposema nimeshanyoa. Kuanzia mnapopokea barua hii, picha hizo hazifutwi. Zikifutwa, zikiharibika, mfumo ukiwa "ulikuwa kwenye matengenezo", nitahesabu kwamba mmejibu, na jibu hilo wakili wangu atalisoma kwa sauti.

Nilikusudia kuwapa siku 14. Baada ya kuandika yote haya na kuyasoma tena, nawapa 7. Siku ya 8 barua hii, picha za pakiti na cheti cha daktari vinakwenda kwa mamlaka ya uwanja iliyowapangisha nafasi ile, kwa chombo kinachosimamia haki za walaji, na kwa idara ya afya inayowakagua. Madai nayo yataacha kuwa ya vipimo na nauli. Yatakuwa ya kudhalilishwa mbele ya watu, na kiwango chake sitakipanga mimi.

Nimesikia kutoka kwa mtumishi wenu wa tatu kwamba utaratibu ni mteja kurejesha bidhaa ili kampuni "ifanye uchunguzi". Hapana. Wembe hamtauona. Umefungwa ndani ya bahasha, na bahasha imepigwa muhuri wa hospitali mbele yangu. Mkitaka kuupima, mtakuja kuupimia mahali nitakapopachagua mimi, mkiwa na nywele za mtu wenu za kulinganishia.

Aliyekuwa mteja wenu,

Abiria mwenye ndevu nyeupe
(jina, namba ya risiti na nakala ya pasi ya kupandia ndege vimeambatishwa)

Nakala: Wakili wangu