Barua kwa mwanangu: naanzia mtoni

Mwanangu,

Juzi kwenye simu ulisema vita vyote ni dhambi, kwamba hata anayepigana na serikali ya wauaji naye ni muuaji, tofauti bendera tu. Chaji ikaniishia kabla sijakujibu. Afadhali, maana ningekujibu vibaya.

Baba, mwaka 1994 nilikuwa na miaka 22, hapahapa Ngara, mpakani na Rwanda. Masika yalikuwa yamekolea, mto Kagera umefura. Chini ya maporomoko ya Rusumo tukaanza kuona vitu tukadhani ni magogo. Gogo halifungwi mikono kwa nyuma. Alipita mama mmoja na mtoto mgongoni, fundo la kitenge bado limekaza kifuani. Fundo lile ndilo linalonijia usiku, kuliko uso. Wengine maji yaliwachukua mpaka Ziwa Victoria, Waganda wakawazika kwa maelfu.

Walikuwa Watutsi wa Rwanda, waliokuwa wanauawa na serikali ya Wahutu wenye siasa kali na wafuasi wake. Baadaye nikaja kujua kwamba mto ulishatajwa mapema. Novemba 1992, kule Kabaya, Rwanda, mwanasiasa Léon Mugesera aliwaambia wafuasi wake kwamba Watutsi watarudishwa Ethiopia kwa kupitia mto Nyabarongo. Nyabarongo ndio unaomwaga maji Kagera. Kwa hiyo usiniambie zilikuwa hasira za siku moja.

Wala usiniambie serikali na waasi hawakukaa mezani. Walikaa, tena kwetu Arusha, mkataba ukasainiwa Agosti 1993. Rais Habyarimana wa Rwanda mwenyewe alikuwa anatoka kikaoni Dar es Salaam ndege yake ilipotunguliwa usiku wa Aprili 6. Umoja wa Mataifa ulikuwa na askari kama 2,500 Rwanda. Mauaji yamepamba moto, Aprili 21 Baraza la Usalama likaamua wabaki 270 hivi. Sasa wewe msomi niambie: mtu amejibanza darini, redio ya chuki ya RTLM inawahimiza Interahamwe, wanamgambo wa Kihutu, waende "kazini", yaani kuua, wazungu wameshapanda ndege. Amebakiwa na nani? Alibakiwa na RPF, waasi, wengi wao Watutsi, waliokuwa vitani na serikali tangu 1990. Walipofika mahali, mapanga ya Interahamwe yakakoma mahali hapo. Julai 4 wakaiteka Kigali. Waliokufa walikuwa wamefika laki nane hivi, kwa siku mia tu. Kila wiki ya kungoja ilikuwa na watu wake.

Vile vilikuwa vita vya haki, na sibabaiki kulisema.

Ila kuna siku nyingine. Mwisho wa Aprili hiyohiyo watu walivuka daraja la Rusumo, robo milioni ndani ya siku moja hivi, na wengi wao walikuwa Wahutu wanaowakimbia hao hao RPF. Askari wetu waliwanyang'anya silaha mpakani, likawa rundo la mapanga. Nilisimama nikaliangalia. Panga la kukatia majani ya migomba ni lile lile. Mimi nilikuwa nimeweka sufuria ya uji kando ya njia, nagawa. Kijana mmoja, rika lako la sasa, alipokea kikombe kwa mikono miwili kama alivyofunzwa kwao, akanywa, asinitazame. Alikuwa muuaji au mtoto wa watu aliyeogopa? Sikumuuliza. Uji ulikuwa unapoa na foleni ndefu.

Na waliokuwa wanaogopa hawakuogopa hewa. RPF nao waliua raia. Kibeho, kusini mwa Rwanda, Aprili 1995, vita vimekwisha na serikali ni yao, askari wao waliwamiminia risasi watu wa kambi ya waliohama makwao, wanawake na watoto wamo. Hapo nakupa hoja yako yote. Aliyeua Kibeho asijifunike na wale aliowaokoa mwaka uliotangulia, na mimi simtetei. Mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokaa Arusha iliwahukumu wapangaji wa mauaji ya kimbari, washindi haikuwagusa. Hilo linanikera mpaka kesho.

Lakini wewe umeishika Kibeho, ukarudi nayo kinyumenyume mpaka mtoni, ukasema wote sawa. Hapo tunaachana. Yule mama mwenye kitenge, ungemwambia asubiri nini?

Ukija Desemba tutashuka wote Rusumo. Nitakuonyesha palipokuwa na sufuria.

Mama yako