Mpwa wangu, anza na kisanduku cha barua

Oslo, 9 Novemba

Mpwa wangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako imefika, na nimefurahi mno kusikia kikundi chenu kimechagua Et dukkehjem, yaani Nyumba ya Mwanasesere, ile tamthilia ya Henrik Ibsen iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Copenhagen tarehe 21 Desemba 1879. Umeniuliza muanze na nini. Anzeni na kisanduku cha barua.

Huko nyumbani barua hufuatwa posta, kwenye sanduku lenye namba. Mtazamaji wenu hatashtuka kuona bahasha ikidondoka mlangoni kama hamkumwandaa. Akina Helmer, yaani Torvald na mkewe Nora, wanakaa kwenye jengo la ghorofa. Nje ya sebule yao kuna kiukumbi cha kuingilia, na hapo ndipo kilipo kisanduku chenye dirisha la kioo na kufuli. Ufunguo ni mmoja tu, na anao mume. Kitengenezeni kwa mbao nyembamba, mbele muweke plastiki angavu, na chini pawe pagumu. Ndani ya bahasha tieni kadi nene ili ianguke kwa kishindo kidogo kinachosikika hadi kiti cha mwisho. Mlango wa kwenda kiukumbini usiwe pembeni mno, ili ukifunguliwa kila mtu akione kisanduku. Na Torvald akiwa sehemu ya kwanza achezee funguo zake mfukoni, mara mbili zinatosha.

Kosa ninaloliogopa ni kujenga nyumba ya chini ambayo mlango wake unatokea uani. Mkifanya hivyo mtapoteza ngazi, na ngazi ni sauti muhimu sana hapa. Krogstad, yule aliyemkopesha Nora kwa siri, akishatumbukiza barua ya kumfichua kwa mumewe, nyayo zake husikika zikishuka. Karamu ya maleba iko ghorofa ya juu. Na mwisho wenyewe, nitakaoueleza, hauwezekani bila ngazi.

Sasa hati ya deni. Nora alikopa daler 1,200 za fedha ya zamani ya Norwe, yaani kroner 4,800, ampeleke mumewe Italia akapone. Enzi hizo mke hakuweza kukopa bila idhini ya mume. Sheria ya Norwe ilimpa mwanamke aliyeolewa uwezo huo mwaka 1888, miaka tisa baadaye. Kwa hiyo ilitakiwa sahihi ya baba yake kama mdhamini, naye Nora akaitia mwenyewe. Baba alifariki 29 Septemba, na sahihi ina tarehe 2 Oktoba. Siri nzima imekaa ndani ya siku hizo tatu. Mwigizaji wa Krogstad akizipita tarehe hizi haraka, watu watabaki kuona ugomvi wa pesa tu. Aiweke karatasi mezani, aulize tarehe ya kifo, anyamaze, ndipo asome ile ya pili. Msigeuze kroner kuwa shilingi. Mwanzoni Torvald humpa mkewe noti, naye Nora huzihesabu, kumi, ishirini, thelathini, arobaini, na furaha yake kwa zile 40 inatosha kutuonyesha ukubwa wa 4,800.

Yule anayeigiza Torvald mwambie asiwe mkali tangu pazia linapofunguliwa. Wengi humharibu hapo. Nora anaamini kwa moyo wote kwamba siri ikifichuka mumewe atajitwisha lawama yeye, na yuko tayari kufa ili kumzuia. Sehemu ya pili inaisha saa 11 jioni ya Krismasi, naye anahesabu saa 7 hadi usiku wa manane, kisha 24 nyingine hadi karamu iishe: amebakiwa na saa 31 za kuishi. Mume asiyependeka hafanyiwi hesabu ya namna hiyo. Torvald awe mchangamfu, mwenye mapenzi, mpaka pale anapoisoma barua na kumwita mkewe mhalifu. Kisha hati inarudishwa, naye anashangilia kuwa ameokoka. Ameokoka yeye peke yake, na Nora amesikia. Hapo ndoa imekwisha, hata kama mazungumzo ya mezani bado.

Jambo dogo la maleba: wakati Torvald anatoa ile hotuba ndefu ya msamaha akiwa mlangoni, Nora yuko ndani anavua nguo za karamu na kuvaa za kila siku. Hotuba ikikatwa kufupisha onyesho, dada wa watu atatoka vifungo viko wazi. Gauni liwe la kulabu mbele. Na zile biskuti anazozificha mumewe asizione ni za lozi. Usidanganywe na jina lake la Kinorwe, makroner, ukaandika makaroni.

Mwishoni Nora anamwacha mume na watoto. Wazee wakiomba mumpatanishe na mumewe, waambie hilo lilishajaribiwa. Ujerumani, mwaka 1880, mwigizaji Hedwig Niemann-Raabe alikataa kuigiza mama anayeacha watoto. Ibsen, kwa kuhofia wengine wasije wakamwandikia mwisho wao, akaandika mwenyewe mwisho ambamo Nora anaonyeshwa watoto wamelala na kubaki. Aliuita unyama.

Sasa ule mshindo wa mwisho, wa mlango unaofungwa Nora anapoondoka. Wengi hubamiza mlango wa sebule. Maandishi yanasema sauti inatoka chini: ni lango la jengo, la barabarani. Nora akitoka, Torvald anabaki akimwita, anatazama chumba kitupu, tumaini linamjia ghafla. Maneno hayo machache ndiyo muda wa Nora kushuka ngazi. Tafuteni mlango mzito wa mbao wenye fremu na komeo la chuma, muusimamishe nyuma ya jukwaa, chini ya usawa wa sakafu, na mtu wa kuufunga asubiri hadi tumaini lile liwe limetamkwa. Pigo moja. Taa zisizimwe kabla yake.

Nitumie tafsiri ya sehemu ya tatu ikiwa tayari, hata kwa mwandiko wa mkono, niilinganishe na Kinorwe mstari kwa mstari. Nisalimie mama yako.

Mjomba wako