Zuhura, usiikatae hiyo nafasi

Shoga yangu Zuhura,

Za huko? Nimesoma meseji yako mara mbili, naona umeumia kweli, miezi yote ile ya mazoezi afu mtu unapewa nafasi isiyosema hata neno moja. Ila naomba kabla hujamrudishia dairekta skripti yake nikwambie habari za Conrad Veidt.

Huyu ni Mjerumani, kazaliwa Berlin 1893, na alipoanza kuigiza sinema zilikuwa bubu, yani uso wako ukishindwa kusema huna kazi. Mwaka 1920 ikatoka Das Cabinet des Dr. Caligari, humo yeye ni Cesare, jamaa anayelazwa kwenye sanduku kama jeneza, bosi wake anamtembeza kwenye maonyesho watu waje wamshangae. Itafute sini anayoamshwa shoga. Uso umepakwa mweupe, macho yamezungushiwa weusi, mara ya kwanza unaona kama maiti, afu uso unaanza kutetemeka kidogokidogo, macho yanafunguka taratibuuu mpaka yanakutolea yote, na hapo hajanyanyua hata kidole! Mi niliirudisha nyuma mara nne, mwili umenisisimka.

Afu 1928 akiwa Marekani akacheza The Man Who Laughs, wakamvalisha kifaa mdomoni kinachovuta midomo ionekane inacheka muda wote, sasa mtu ana uchungu wa kulia na mdomo unacheka, kilichobaki ni macho tu, na yanakuumiza kweli. Yule Joker wa Batman sura yake imetoka hapo.

Maisha hayakumwachia raha. Mke wake Lily alikuwa Myahudi, Hitler alivyoshika nchi 1933 wakahamia Uingereza, na baadaye huko Hollywood mtu huyohuyo aliyewakimbia Wanazi ndo akawa anapewa nafasi za Wanazi, kama yule Meja Strasser wa Casablanca ya 1942. Alikubali, na pesa zake akachangia vita upande wa Waingereza. Mwaka uliofuata akafariki Los Angeles akicheza gofu, ana miaka 50 tu.

Kwa hiyo usiku wa leo kaa mbele ya kioo, taa moja tu, ujaribu kuamka kama Cesare. Tarehe ikipangwa niambie mapema niombe ruhusa kazini, na unishikie siti ya mbele kabisa, nataka nikuone macho.

Wako,
Rehema